Fundi Anayengoja Joto

Gari likiwa baridi halina kasoro yoyote. Ufunguo ukizungushwa, silinda zote sita huitika mara moja, na mngurumo wake husikika hadi barabarani. Taabu huanza dereva akishalitembeza na kulizima ili anywe chai. Akirudi baada ya robo saa, stata huzunguka vizuri lakini injini haishiki. Likipoa, huwaka tena kana kwamba halijawahi kugoma. Mafundi wengi hukata tamaa na gari la namna hii kwa sababu hufika gerejini likiwa zima kabisa.

Hili ninalolizungumzia ni Datsun 240Z, lililoletwa kwa fundi mmoja wa Eneo la Viwanda, Nairobi. Kenya inalijua vizuri jina hilo. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya 1971 kwa 240Z, na Shekhar Mehta akashinda ya 1973 kwa gari la aina hiyohiyo. Lakini hili limepita mikononi mwa watu waliotaka nguvu zaidi ya ile ya kiwandani. Kabureta mbili za asili zilitolewa, zikawekwa Weber tatu za milimita 40, kila moja na midomo miwili, ili kila silinda iwe na mdomo wake. Eksozi nzito ya chuma cha kusubu nayo ilitupwa, mahali pake yakaja mabomba sita membamba. Katika injini hii hewa huingia na moshi hutoka upande uleule, kwa hiyo kabureta zimekaa juu ya mabomba hayo, na bati la kiwandani la kuzikinga na joto halikurudishwa.

Fundi hakushika spana. Alianza kwa kuuliza.

“Mzee, ukilizima na kuliwasha papo hapo, linakubali?”

“Linakubali bila shida.”

“Na likigoma, ukikanyagakanyaga mafuta?”

“Hapo ndipo linakufa kabisa.”

Majibu hayo mawili yalimpa njia. Gari linalokubali papo hapo na kukataa baadaye linaonyesha kwamba kuna jambo linalotokea wakati limesimama. Na kila kanyagio linapopigwa, Weber hurusha petroli kooni. Ikiwa hilo linazidisha ubaya, huenda mafuta yamezidi badala ya kupungua. Hata hivyo hakulitangaza kuwa jibu. Alifunga geji ya msukumo kwenye bomba la petroli, akaiegemeza mahali ambapo ingesomeka, kisha akalipeleka gari kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa likachemke.

Waliporudi alilizima, akaacha boneti imefungwa. Kijana anayejifunza kwake alinyoosha mkono aifungue.

“Acha, kijana. Bado halijaugua.”

Kwangu huo ndio ufundi wenyewe. Injini ikizimwa, pampu ya maji na feni husimama, lakini chuma bado kina moto wake, na moto huo hupanda juu kwenye kabureta kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo chini ya boneti joto huzidi baada ya gari kuzimwa. Isitoshe Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Maji huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi, na petroli, ambayo ni nyepesi zaidi, hugeuka mvuke mapema kuliko ingekuwa Mombasa kwenye joto lilelile. Fundi alijua kwamba boneti ikifunguliwa mapema, ushahidi wote utapotea na upepo.

Robo saa ilipotimia gari likagoma. Sasa akafanya haraka, ila bila papara. Alianza na umeme. Stata ikizunguka, mita ilionyesha betri imebaki juu ya volti 10. Akaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye stata, na kilichopotea njiani hakikufika nusu volti. Upande wa hasi vivyo hivyo. Akachomeka plagi ya akiba kwenye waya, akailaza juu ya chuma cha injini, na cheche ikaruka ya buluu, yenye mlio mkavu. Koili ilikuwa na moto wa kuunguza kidole, lakini kazi yake inaifanya.

Kisha akachukua tochi, akachungulia midomo ya kabureta mmoja baada ya mwingine. Kwenye wa tatu akaniita nitazame. Injini ilikuwa imezimwa, hakuna anayekanyaga chochote, lakini tone la petroli lilijikusanya taratibu chini ya kijibomba cha ndani, likanenepa, likadondoka kooni, na jingine likaanza. Plagi ya silinda ile ilitoka nyeusi, imelowa. Na geji? Injini ikinguruma ilisoma pauni 3 kwa inchi ya mraba. Sasa, pampu ikiwa imelala, mshale ulikuwa umepanda karibu mara mbili.

Hapo akafuata bomba kwa kidole, kiungo kwa kiungo, mpaka mwisho wake. Kiwanda kiliweka njia ndogo ya kurudisha petroli tangini. Aliyefunga Weber hakuona kazi yake, akaiziba kwa bolti. Petroli iliyofungiwa ikipata joto huvimba, na kwa kuwa haina pa kwenda, huisukuma sindano ya floti, hujaza bakuli la kabureta kupita kiasi, na kumwagikia kooni.

Matengenezo yalichukua siku nzima, na hayakuhitaji kabureta mpya wala koili mpya. Aliondoa bolti, akarudisha njia ya tangini, akaibana kwa kitundu chembamba ili msukumo usianguke injini ikifanya kazi. Chini ya kila kabureta akatia kipande kinene cha bakelaiti kisichopitisha moto kirahisi. Kinga ya joto aliichora kwanza kwenye katoni, akaijaribu mahali pake, akaipunguza pembe, akaijaribu tena, na hapo tu ndipo alipokata bati la alumini. Kingo zote alizipiga tupa zisije zikakata bomba la mafuta. Bati lenyewe aliliinua kwa washa juu ya mabomba ya eksozi, hewa ipite chini yake na juu yake.

Jioni gari lilirudishwa kwenye foleni ileile, likazimwa, boneti ikafungwa. Mshale wa geji ulishuka mpaka sifuri na kutulia. Baada ya robo saa injini ilishika kwa mzunguko wa kwanza. Mwenye gari alikuwa ameshatoa pochi.

“Subiri kwanza, Mzee,” fundi akamwambia, akalizima. “Nataka kuliona likiwa limekaa nusu saa.”