Uzito Hupita Hapa

Siku ya mkutano wa hadhara hapa Sondu, viti humtangulia mheshimiwa. Vile vya plastiki huja kwa mkokoteni. Sofa ya wageni wa heshima hutolewa sebuleni kwa mtu, ikavuka barabara ya Kisii juu ya vichwa vya vijana wawili, kitambaa chake cha kufuma kikiwa bado mgongoni. Nimeitazama safari hiyo miaka mingi. Kijaluo kiliona mapema: kiti ni kom, na anayeongoza ni jakom. Kiswahili nacho kikamwita mwenyekiti.

Ndiyo maana kazi ya msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1972, imenikaa moyoni. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilimwita atie sanamu katika vishubaka vya ukuta wake wa mbele, vilivyokuwa vitupu tangu 1902. Akaleta wanawake wanne wa shaba nyeusi, wote wameketi.

Wameketi, na hapo ndipo penye kina. Waluba wa Congo walichonga vigoda vya watawala ambavyo nguzo yake ni mwanamke: mikono juu, kikalio kichwani mwake. Wagiriki wa kale nao waliwachonga wanawake wa mawe, wakawabebesha paa la hekalu. Mutu aliujua ukoo huo wote wa wabebaji, akawatua mzigo. Hakugusa jiwe la jumba lile, lakini wanne hao walipoketi mlangoni, hukuweza tena kupanda ngazi zake bila kujiuliza ni nani amekuwa akilibeba.

Itazame na kazi ya mkono. Nguo zao ni mikunjo mirefu iliyouzunguka mwili kama kamba, usijue nguo inaishia wapi na ngozi inaanzia wapi. Kichwani kila mmoja ana kisahani kilichong'arishwa kama kioo. Kwa mmoja kimefunika mdomo. Jua lilipokipiga, mwanga ulimrudia mpita njia. Kwingine shaba imeachwa na giza lake, na bila giza hilo mng'ao ule usingekuwa kitu.

Subira ya namna hiyo niliikuta kwa mchonga vigoda mmoja sokoni kwetu. Kigoda cha Kijaluo, kom nyaluo, hutoka katika gogo moja, bila msumari wala gundi. Tezo huutafuna mti kidogo kidogo kuitafuta miguu, kwani ukiharibu mguu mmoja umeharibu kigoda chote. Pale mguu unapokutana na kikalio, kwa chini, fundi alikawia kuliko mahali pengine popote. Alipapasa kwa kidole gumba, akatoa kipande chembamba kama ganda la kitunguu, akapapasa tena. Nikamuuliza kwa nini ahangaikie mahali ambapo hakuna atakayepaona.

"Mwalimu, mzee akiketi, uzito wake wote hupita hapa."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo, ya kigoda wala ya jumba la New York. Ukipita Sondu siku ya soko, kabla hujauliza bei, kigeuze kigoda uangalie chini.