‘Homa ya uti wa mgongo’ ni jina linalopotosha

Usiku mmoja majuzi jirani yangu alibisha mlangoni. Mwanawe alikuwa amelazwa, na muuguzi alikuwa amemwambia kuwa anashukiwa kuugua “homa ya uti wa mgongo.”

“Mwalimu, hebu nieleze,” akasema. “Mtoto analia kichwa, anatapika, shingo imekauka kama mti. Mgongo haujamuuma hata siku moja. Kwani wamempima mtoto mwingine?”

Swali hilo ndilo linalonisukuma leo kuikosoa istilahi ambayo sisi walimu na wanahabari tumeieneza bila kuipima.

Ubongo na ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya neva ipitayo ndani ya mifupa ya mgongo, vimefunikwa kwa tando tatu. Kati ya tando mbili za ndani hupita maji maangavu. Bakteria, virusi au kuvu wakipenya humo, tando huvimba. Chembe nyeupe za damu humiminika kupigana, maji huweza kuchafuka kwa usaha, na shinikizo hupanda ndani ya fuvu lisilotanuka. Ndiyo maana kichwa huuma, mwanga huchoma macho na fahamu hupotea. Anayepona aweza kubaki kiziwi au na kifafa.

Sasa itazame istilahi yetu. “Homa,” kwa Wakenya wengi, ni mafua tu: “Nina homa kidogo, nitakunywa tangawizi.” “Uti wa mgongo” nao, kama ajuavyo mwanafunzi aliyesoma habari za wanyama wenye uti wa mgongo, ni mifupa. Maneno mawili ya kawaida yameungana kuficha ugonjwa ambao, ukisababishwa na bakteria, waweza kuua kwa saa 24. Tena wapo wanaouchanganya “uti” huo na UTI, kifupisho cha Kiingereza cha maambukizi ya njia ya mkojo!

Nitajibiwa kwamba tando hizo hushuka hadi mgongoni, na kwamba maji ya kupimwa hutolewa huko. Ni kweli. Lakini hapo ndipo jina hili hudhuru zaidi. Sindano ile huingizwa kiunoni, chini ya mahali ugwe unapokomea. Huchota maji tu. Mzazi anayeambiwa “tutamdunga uti wa mgongo” husikia kwamba mwanawe atapooza, naye hukataa. Bila maji hayo, daktari atajuaje kama ni bakteria wa kawaida, kifua kikuu, au kuvu anayewaandama wenye kinga dhaifu? Kila kimoja kina dawa yake.

Napendekeza tuseme “ugonjwa wa tando za ubongo.” Nimeepuka “uvimbe” kwa sababu wengi wataelewa saratani. Jina langu halitaji ugwe, nakiri, lakini linamwelekeza mzazi kwenye hatari kuu. Na sindano tuiite “ya kuchota maji ya kiunoni.”

Usiku ule nilimchorea jirani yangu fuvu, tando na sindano nyuma ya bahasha. Akaitazama, akauliza, “Kumbe ni maji tu?” Kesho yake alitia sahihi. Istilahi nzuri ingemwambia hayo hospitalini, kabla hajaja kubisha kwangu.