Mkono Uliofundisha Shaba Kuhesabu

Katika Makumbusho ya Sayansi jijini London kuna kipande cha mtambo kilichounganishwa mwaka 1832. Kina vipuri kama 2,000 vya shaba na chuma, vimepangwa katika nguzo za magurudumu, na kila gurudumu limechorwa tarakimu ukingoni, kuanzia 0 hadi 9. Mpini ukizungushwa, magurudumu yanajumlisha, na hujumlisha sawasawa hadi leo. Anayesoma maelezo yake hukutana na jina la Charles Babbage, mwanahisabati Mwingereza, na ni haki, maana wazo lilikuwa lake. Lakini magurudumu yale hayakutoka mikononi mwa Babbage. Yalitoka katika karakana ya Joseph Clement, fundi wa kukereza na kuchora, na yeye ndiye ninayetaka kumsifu hapa, pamoja na kazi yake ambayo wanahistoria wengi wa kompyuta huipitia mbio kuwahi mambo ya akili, kana kwamba akili ikishawaza, chuma hutii chenyewe.

Kilichomsumbua Babbage kilikuwa majedwali. Mwaka 1821 aliketi na rafiki yake John Herschel, mwanaastronomia, kukagua hesabu za nyota zilizokokotolewa kwa mkono na watu wawili tofauti ili zilinganishwe. Makosa yalikuwa mengi kiasi kwamba Babbage alitamani hesabu zile zingekuwa zimefanywa na mvuke. Waliosoma sekondari kwetu wanakikumbuka kile kitabu chembamba cha majedwali ya logi, sini na kosini kilichoruhusiwa hadi ndani ya chumba cha mtihani. Hatukuwahi kuuliza nani alizipata namba zile wala nani alizihakiki. Tulifuata mstari kwa kidole, tukanakili, tukaendelea. Nahodha, mpima ardhi na karani wa bima wa karne ya 19 walifanya hivyohivyo, ila kosa la kwao halikuishia kwenye alama za mtihani.

Njia ya Babbage kuwatoa wakokotoaji kwenye adha hiyo ni nzuri hata mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuifurahia. Andika vipeo vya pili vya namba: 1, 4, 9, 16, 25. Toa kila kimoja katika kinachokifuata, upate 3, 5, 7, 9. Toa tena, upate 2, 2, 2. Sasa anayetaka kipeo kinachofuata hana haja ya kuzidisha: 2 na 9 ni 11, na 11 na 25 ni 36. Kazi yote imekuwa kujumlisha, na majedwali mengi, hata ya logi, hukubali kukaribiwa kwa njia hiyohiyo ikiwa una safu za kutosha za tofauti. Kwa hiyo mtambo hauhitaji kujua hisabati. Unahitaji magurudumu yanayojua kujumlisha.

Na hapo ndipo fundi anapoitwa, kwa sababu gurudumu linajumlisha vizuri mpaka lifike 9. Likitaka kwenda 0 ni lazima limsukume jirani yake wa makumi hatua moja kamili, si nusu, si moja na robo. Fikiria 999,999 ikiongezwa 1: magurudumu sita yanapaswa kugeuka kwa msukumo ulioanzia kwenye gurudumu moja. Blaise Pascal aliligundua hilo alipoanza kubuni mashine yake kule Rouen, Ufaransa, mwaka 1642, akiwa bado kijana, ili kumpunguzia baba yake kazi ya hesabu za kodi. Alitumia kidude kinachoinuliwa kidogokidogo kadiri gurudumu linavyosogea, kisha kinadondoka kwa uzito wake chenyewe na kumsukuma jirani, hivyo kila tarakimu inalipa gharama yake na haimtwishi mwenzake. Pascal huyohuyo aliandika kwa hasira juu ya fundi saa mmoja wa Rouen aliyeiga mashine ile ikatoka inang'aa kwa nje na haifai kitu kwa ndani. Wengi wameyasoma maneno hayo kama hukumu dhidi ya mafundi wasio na nadharia. Mimi nakumbuka kwamba katika andiko hilohilo Pascal anasema alitengeneza mifano zaidi ya 50 kabla ya kuridhika. Kama nadharia ingetosha, mfano wa pili usingehitajika.

Clement alizaliwa mwaka 1779 Great Asby, kijiji cha Westmorland kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa mfumaji wa nguo kwa mkono. Shule alipata kidogo sana. Aliezeka mapaa, kwanza kwa nyasi halafu kwa mawe bapa, na kwa mhunzi wa kijiji akajifunza kufua chuma. Akaenda Glasgow, ambako alijifunza kuchora mitambo, akaenda Aberdeen, na mwaka 1813 akafika London. Huko alifanya kazi kwa Bramah, mtengenezaji wa makufuli mashuhuri, kisha kwa Maudslay, ambaye karakana yake ilikuwa shule ya mafundi bora wa zama zile. Mwaka 1817 alifungua karakana yake mwenyewe kusini mwa mto Thames. Babbage alipomtafuta mtu wa kumjengea mtambo, miaka michache baadaye, mhandisi Marc Brunel ndiye aliyemwelekeza kwa Clement.

Ili kuelewa uzito wa kazi aliyopewa, ni lazima tusahau duka la vipuri. Wakati ule kila nati ilikuwa na bolti yake, na zikitenganishwa zilikuwa kama mke na mume waliopotezana sokoni: hakuna mbadala. Fundi alichonga kipande, akakijaribu, akakipunguza kwa tupa, akakijaribu tena mpaka kikakubali kukaa mahali pake. Kwa saa moja ya mezani njia hiyo inatosha. Mtambo wa Babbage ulikadiriwa kuhitaji vipuri 25,000, na mamia kati yake yalikuwa magurudumu yaliyopaswa kufanana mpaka usijue lipi ni lipi. Hakuna mashine wakati huo iliyokuwa ikitoa vitu vinavyofanana hivyo. Ikabidi Clement aanze nyuma zaidi: kutengeneza zana, na zana za kutengeneza zana.

Nikisoma habari zake hapo ndipo ninapobaki kwa furaha, katika ile miaka ambayo kwa mwanasiasa wa serikali iliyokuwa ikilipa ilionekana ya kupoteza muda. Chukua tatizo moja tu. Bamba pana likizunguka kwenye mashine ya kukereza, ukingo wake unakimbia kuliko sehemu ya kati. Kisu kikianza ukingoni na kusogea ndani, chuma kinazidi kupita polepole mbele yake, na uso unatoka na mikwaruzo isiyolingana. Mafundi walilizoea jambo hilo. Clement hakulizoea: alijenga mashine iliyoongeza mizunguko yenyewe kadiri kisu kilivyokaribia kati, ili chuma kipite kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Society of Arts ya London ilimpa medali ya dhahabu kwa mashine hiyo mwaka 1827. Alijenga pia mashine kubwa ya kuranda chuma, na akang'ang'ania kwamba skrubu ya unene fulani iwe na idadi fulani ya nyuzi, siku zote, katika kila kazi inayotoka kwake.

Vipuri vyake vilivyosalia vimepimwa katika zama zetu. Vilivyokusudiwa kufanana vinatofautiana kwa kama sehemu mbili za elfu za inchi, yaani milimita 0.05 hivi. Hakuwa na umeme, wala kompyuta ya kuongoza kisu. Alikuwa na macho, mikono, zana alizozibuni mwenyewe, na ukaidi wa kukataa kipande ambacho mwingine angekipokea.

Ukaidi huo ulikuwa na bei. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetoa zaidi ya pauni 17,000 kazi iliposimama mwaka 1833. Babbage alitaka karakana ihamie karibu na nyumbani kwake, Clement akadai fidia ya kuhama, malipo yakachelewa, na mwisho Clement akawaachisha kazi wafanyakazi wake. Kwa desturi ya wakati huo zana zilikuwa mali ya fundi hata kama kazi iliyozizaa ililipiwa na mteja, na Clement akazichukua. Masimulizi mengi humfanya yeye kuwa mchoyo aliyeikwamisha kompyuta kwa karne nzima. Sikubaliani nayo. Mtu aliyetakiwa kuhama na karakana nzima, akiwalipa watu kutoka mfukoni huku akisubiri fedha zipitie kwa mwingine, alikuwa na haki ya kuhesabu gharama zake. Babbage naye alikuwa amekwisha kuona mtambo mwingine, bora zaidi, akilini mwake, na hilo liliwachosha waliokuwa wakilipa. Mwaka 1842 serikali iliuacha mradi rasmi. Vipuri kama 12,000 vilikuwa tayari vimechongwa. Vingi viliyeyushwa vikawa chuma chakavu, na kila ninapofika kwenye habari hiyo naumia upya.

Lakini uhodari wa Clement peke yake haukuwa sharti la kila mtambo wa aina hiyo, na lazima niseme hivyo. Huko Stockholm, Georg Scheutz na mwanawe Edvard walijenga mtambo wao wa kukokotoa kwa njia hiyohiyo ya tofauti. Mfano wa kwanza ulikamilika mwaka 1843, na mtambo kamili wa chuma miaka kumi baadaye. Ulipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya Paris ya 1855, ukauzwa kwa kituo cha kutazamia nyota huko Albany, Marekani. Haukuwa na usahihi wa vipuri vya Clement. Mtambo mwenzake, uliojengwa London na karakana ya Bryan Donkin, ulisaidia kukokotoa majedwali ya uhai ya Uingereza yaliyochapwa mwaka 1864, ila ulitaka kuangaliwa wakati wote, la sivyo unakosea. Naona hapo tofauti ambayo kila mwenye gari kuukuu anaifahamu: kuna kifaa kinachofanya kazi, na kuna kifaa kinachofanya kazi bila fundi kusimama kando yake.

Swali kama mtambo wa Babbage ungewezekana kweli lilijibiwa kwa mikono pia. Kati ya 1847 na 1849 Babbage alichora mtambo wa pili, mwepesi na nadhifu kuliko wa kwanza, na hakuna aliyeujenga. Mwaka 1985 Makumbusho ya Sayansi yaliamua kujaribu, chini ya Doron Swade. Sharti lilikuwa kwamba mashine za kisasa zinaweza kutumika kuchonga, lakini usahihi usizidi ule ambao Clement aliweza kuufikia. Wahandisi Reg Crick na Barrie Holloway waliuunganisha mbele ya macho ya wageni wa makumbusho. Michoro ilikuwa na makosa machache, wakayarekebisha. Vipuri vilikwama, wakavitoa, wakavisugua, wakavirudisha. Sehemu ya kukokotoa ina vipuri 4,000, na katika mtambo kama huo kila kimoja kinaweza kuwa ndicho kinachozuia mpini kuzunguka. Mwaka 1991, miaka 200 tangu Babbage azaliwe, mtambo ulikokotoa bila kosa, tarakimu 31 kwa kila namba. Mwenye kuutazama kwa nyuma wakati mpini unazunguka huona mikono midogo ya chuma ikipita ngazi kwa ngazi kwenye nguzo, ikipeleka kila 1 kwenye safu ya juu yake. Ni tatizo lilelile la Pascal, limetatuliwa mara nyingi kwa mzunguko mmoja.

Katika karakana ya Clement, wakati kazi ya Babbage ikiendelea, alikuwapo kijana aliyeitwa Joseph Whitworth. Mwaka 1833 alikwenda Manchester kuanzisha karakana yake. Mwaka 1841 alipendekeza kwa Uingereza nzima yale aliyoyaona yakishikiliwa kwa bwana wake: kipimo kimoja cha nyuzi za skrubu, idadi maalumu kwa kila unene, na pembe ya digrii 55 kati ya uzi na uzi. Pembe hiyo ndiyo bado iko kwenye nyuzi za mabomba ya maji tunayotumia Afrika Mashariki. Fundi bomba wa Tanga au Kisumu huzungushia utepe mweupe kwenye bomba la nusu inchi na kulikaza kwenye koki iliyonunuliwa duka jingine, iliyotoka kiwanda kingine, na vikashikana bila kuvuja. Hana haja ya kuuliza nani alichonga kipi, kwa sababu digrii ni 55 pande zote mbili.