Konga, Sokwe wa Uganda Aliyepotelea London

Ndugu zanguni, kuna filamu mbovu za kutupa na kuna filamu mbovu za kutunza. Leo naomba niitetee moja ya kundi la pili, halafu niishitaki, manake nimejaribu kufanya moja tu kati ya hayo mawili nikashindwa.

Filamu yenyewe inaitwa Konga, ya mwaka 1961. Ilitengenezwa Uingereza, studio za Merton Park, London ya kusini. Mwongozaji ni John Lemont, ila mwenye wazo na mfuko ni Mmarekani Herman Cohen, yule yule aliyewapa vijana I Was a Teenage Werewolf mwaka 1957 akavuna pesa zao. Fedha iliyotumika ni kidogo na inaonekana ni kidogo. Ina rangi, lakini rangi zenyewe kama za kalenda ya duka la vitambaa.

Kisa ni hiki. Daktari Charles Decker, mtaalamu wa mimea, anaanguka na ndege Uganda. Dunia nzima inajua kafa. Baada ya mwaka mmoja anarudi London mzima kabisa, kabeba mimea inayokula nyama na mtoto wa sokwe anayeitwa Konga. Wenyeji waliomwokoa ndio waliomfunulia siri za mimea ile. Wao hawana jina, na kazi yao ikishakwisha hatuwasikii tena. Decker anachemsha mimea, anakamua dawa, anamdunga sindano Konga. Sokwe mtoto anakua, anakua tena, na ghafla bin vuu si sokwe mtu tena, ni gorila! Ndiyo, mnyama kabadili jamii kabisa, na profesa wa bayolojia hashtuki hata kidogo. Wazungu wameicheka filamu hii miaka 60 kwa kosa hilo. Sisi tungeweza kuwasaidia: Kiswahili cha kila siku kimewabeba wote wawili katika neno moja, sokwe, na mambo yakaisha.

Halafu Decker anaanza kumtuma Konga usiku akamalizane na maadui zake. Wa kwanza ni mkuu wa chuo. Wa pili ni Profesa Tagore. Wa tatu ni kijana Bob, kosa lake kumpenda mwanafunzi ambaye Decker mwenyewe anammezea mate. Margaret, msaidizi wa Decker, anagundua yote, na badala ya kukimbilia polisi anaomba aolewe. Mwishowe kwa wivu anamdunga Konga dozi kubwa, jitu linavunja paa la nyumba, linamshika daktari mkononi kama muhindi wa kuchoma, linakwenda nalo hadi kwenye saa ya Big Ben. Majeshi yanapiga risasi. Basi.

Aina hii ya sinema ina ukoo mrefu. Captive Wild Woman (1943), ambamo John Carradine anamgeuza gorila jike kuwa binti. Bela Lugosi Meets a Brooklyn Gorilla (1952), ambayo jina lake linamaliza kazi ya mhakiki. Voodoo Woman (1957), ambamo daktari kajichimbia msituni atengeneze zimwi la kike litakalomtii. Pishi ni lile lile: daktari aliyepandisha kichaa, sindano, msitu wa miti ya kwenye vyungu, mtu ndani ya manyoya ya gorila, mwanamke wa kupiga kelele. Wenye fedha walikuja kwetu kweli. King Solomon's Mines ya 1950 ilipigwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na The African Queen ya 1951 ilipigwa Uganda na Kongo. Wasiokuwa na fedha waliitamka Afrika tu kwa mdomo, wakaendelea na kazi.

Sasa utetezi. Michael Gough, aliyemcheza Decker, (wengi mtamkumbuka uzeeni kama Alfred, mtumishi wa Batman wa 1989) hafanyi mzaha hata sekunde moja. Anasema upuuzi ule kwa ukali wa mtu anayesoma hukumu. Kuna paka nyumbani analamba dawa iliyomwagika, na Decker anampiga risasi pale pale, kisha anatoa maelezo ya kisayansi kwa sauti ya mtu aliyeombwa chumvi. Huo ndio utamu wa filamu hizi. Uigizaji wa dhati juu ya jambo lisilostahili dhati. Ukiwa na fedha nyingi unaweza kuficha ujinga wako. Hawa jamaa hawakuwa na pa kuuficha, kwa hiyo tunauona wote, pamoja na tamaa na hofu za waliotengeneza.

Na kwa watu wa chuo kikuu kuna starehe ya ziada. Profesa Tagore anakufa kwa sababu gani? Kwa sababu anafanya utafiti unaofanana na wa Decker na huenda akautangaza kwanza! Tulipofika hapo, sebule nzima ilicheka mpaka chai ikamwagika. Kila aliyewahi kukaa na tasnifu miaka sita akasikia kuna mtu wa chuo kingine anamalizia mada ile ile anajua ninachosema. Ila nilipokwisha kucheka niliona kitu. Katika filamu nzima huyu ndiye msomi pekee mwenye jina la upande wetu wa bahari (mwigizaji wake, George Pastell, alikuwa Mkipro), ni mpole, anampokea mwenzake nyumbani kwake kwa heshima, na ndiye anayeuawa kwa elimu yake. Naye tulimcheka.

Sebule hiyo iko hapa Birmingham, Balsall Heath, kwa rafiki mmoja wa Mombasa ambaye huwa anatukusanya Jumamosi za baridi. Mji huu wenyewe una undugu na masokwe. Mwaka 1972 mchongaji Nicholas Monro aliweka sanamu kubwa ya King Kong ya faibaglasi, zaidi ya mita 5, kwenye bustani ya Manzoni karibu na Bull Ring. Ilikuwa sehemu ya mradi wa kupeleka sanamu mpya katika miji kadhaa ya Uingereza. Miezi ilipokwisha baraza la jiji likakataa kuinunua. Ikanunuliwa na muuza magari yaliyotumika, akaitumia kuvutia wateja, kisha ikauzwa tena ikapelekwa Uskochi. Wazee wa mji huu bado wanaililia. Mtu mmoja kwenye basi namba 50 aliwahi kuniambia kwa uchungu wa kweli kwamba walimfukuza Kong kama mpangaji asiyelipa. Nilicheka nikashuka kituo si changu.

Basi, usiku ule tulikuwa tisa. Miongoni mwetu alikuwa mama mmoja, muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Entebbe, ambaye Kiswahili chake alikipata Kisumu alikofanya kazi ujana wake. Alikuwa amenyamaza tangu ndege ilipoanguka. Sindano ya kwanza ilipoingia kwa Konga, yule rafiki wa Mombasa akapaza sauti, "Mumiani huyo!" Watu wakaangua kicheko. Mama akasema taratibu, "Wanangu, huyo daktari alikuwako. Bibi yangu alimsikia."

Filamu ikasimamishwa.

Alichotuambia nilikwenda kukisoma wiki iliyofuata, na kipo. Ugonjwa wa malale uliwamaliza watu wa pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria upande wa Uganda kuanzia mwanzo wa karne ya 20. Waliokufa wanahesabiwa zaidi ya laki mbili kwa miaka michache. Ndugu wawili madaktari wa misheni ya Mengo, Albert na Jack Cook, waliutambua mwaka 1901. (Nyaraka za Church Missionary Society, ile iliyowapeleka, ziko hapa hapa Birmingham, maktaba ya Cadbury chini ya jengo la Muirhead, na mtu yeyote mwenye penseli anaruhusiwa kuomba kuzisoma.) Mwaka 1906 akaja Robert Koch, Mjerumani, bingwa wa vijidudu wa dunia nzima, mwaka mmoja tu baada ya kupewa Nobel. Akapiga kambi visiwa vya Ssese. Wagonjwa wakaja kwa mamia, wengine wakibebwa, manake walikuwa wanakufa na yeye alikuwa na dawa. Dawa hiyo, atoksili, ilikuwa na arseniki. Ilipoonekana ugonjwa unarudi, akapandisha dozi. Zaidi ya watu 20 wakapofuka, na macho yao hayakurudi. Dozi kubwa ikaachwa. Baadaye kambi za Wajerumani zikafunguliwa upande wa Tanganyika nako, Shirati na kwingineko. Serikali ya Waingereza chini ya gavana Hesketh Bell ikawahamisha watu wa pwani ya ziwa, na kufikia 1909 Ssese nayo ikaamriwa ihamwe. Bibi yake mama yule alitolewa hapo akiwa msichana.

Sisemi Koch ni Decker. Koch alikuwa anatafuta tiba ya ugonjwa uliokuwa unaua kweli, na hakumtuma mtu usiku kunyonga wenzake. Ila dozi iliyopandishwa juu ya mwili wa mtu ambaye hana pa kwenda kushitaki, hiyo haikutungwa na Herman Cohen.

Wahenga wetu waliitunga filamu hii mapema kuliko Merton Park. Neno mumiani lilikuja na majahazi, jina la dawa nyeusi iliyouzwa Bahari ya Hindi yote, na hapa kwetu likageuka jina la wanyonya damu. Luise White alizikusanya habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires: wazimamoto wa Nairobi na Kampala wanaokamata watu usiku, magari mekundu, mashimo, ndoo, sindano. Wasomi wakoloni walizisoma kama ujinga wa wenyeji. Weka mumiani na Konga kwenye meza moja uone. Vitu ni vile vile. Tofauti ni nani anaogopwa. Kwenye mumiani, zimwi ni mwenye sindano. Kwenye bango la Konga, zimwi ni yule aliyedungwa.

Hapo ndipo mashtaka yangu yanapotatanika. Maana ukiliacha bango ukatazama filamu, Konga hana kosa! Aliletwa, akadungwa, akapumbazwa, akatumwa. Kila uovu ndani ya sinema hii una anuani ya London. Kilichotoka Uganda ni mtoto wa mnyama na maarifa ya watu wasiotajwa, vyote viwili vikiwa salama mpaka vilipoingia maabara. Sidhani Cohen alikusudia hayo. Alikusudia tiketi. Lakini filamu ya haraka haina muda wa kupaka rangi uongo wake, kwa hiyo ukweli unachungulia. Filamu kubwa za wakati ule, zenye tembo wa kweli na machweo ya kweli, zinanitia aibu zaidi, kwa sababu zilikuwa na fedha ya kutosha kunifanya nizipende.

Rafiki wa Mombasa hakukubaliana nami, na naona nimtendee haki. Yeye anasema tunazidisha, kwamba gorila la manyoya ni gorila la manyoya, na msomi akikosa kazi huona ukoloni hata kwenye zipu ya mgongoni. Anasema dawa ya sinema hizi si uhakiki ila ni msimulizi. Hapo ana hoja. Dar es Salaam Lufufu aliwasimulia watu filamu za nje kwa Kiswahili hadi zikawa nyingine kabisa. Kampala kila kibanda cha video kina msimulizi wake, na Nabwana wa Wakaliga alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa za kununulia viatu, sauti ya VJ Emmie ikawa nusu ya filamu. Naye Mussa Banzi mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipotutisha na Nsyuka, hakuhitaji daktari wala msitu. Kitisho kilitoka majumbani mwetu wenyewe. Mpe Lufufu Konga, asema rafiki yangu, na Decker angekuwa mjomba fulani wa Kariakoo anayejifanya mganga, na Tagore angeagwa vizuri.

Ningelipa kuisikia hiyo. Ila hata Lufufu angefika mwisho, na mwisho hauchekeshi. Risasi zikishamaliza kazi, jitu lote lile linanywea. Moshi unapisha, na pale chini ya saa kubwa analala Konga kama alivyokuja, mdogo, wa kubeba mkononi, amekufa. Muziki unapanda, maandishi yanatoka.

Tulimaliza filamu saa sita kasoro usiku, manake mama mwenyewe ndiye aliyesema iendelee. Taa zikawashwa. Watu wakaanza kutafuta makoti. Yeye alikuwa bado anaangalia kioo kitupu.

"Na huyo mdogo," akauliza, "nani alimrudisha kwao?"

Mwenyeji wetu akasema, "Mama, ni sinema tu."

"Najua ni sinema, mwanangu. Nimeuliza nani alimrudisha."

Mwenyeji akaenda jikoni kuweka maji ya chai nyingine.