Spesa za Porsche 911: Jina Moja, Vipimo Vitatu

Kwa macho ya mpita njia, Porsche 911 za kizazi cha 997, zilizouzwa kuanzia 2004 hadi 2012, ni gari moja tu. Fundi anayefunga spesa, yaani bamba linalokaa kati ya habu na rimu, hawezi kuziona hivyo. Carrera ya kawaida, Carrera S na Carrera 4S zina habu zinazolingana: matundu 5 kwenye duara la milimita 130, kitovu cha milimita 71.6, bolti za M14. Spesa moja huingia kwenye zote tatu bila kugoma, na ndiyo sababu wengi hununua kipimo walichosikia kwa mwenzao. Lakini spesa kuingia ni jambo moja, na tairi kukaa mahali pake chini ya madigadi ni jambo jingine.

Kinachoamua ni namba iliyochongwa kwenye rimu, ile inayoanza na herufi ET. Ni idadi ya milimita kati ya uso wa rimu unaogusa habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Katika magari haya, ET ikiwa kubwa gurudumu huzama ndani. Ikipungua, hutoka nje. Spesa ya milimita 10 hupunguza ET kwa 10, basi. Sasa tazama magurudumu ya nyuma. Carrera ya kawaida ya miaka ya kwanza ya kizazi hiki ilitoka kiwandani na rimu ya inchi 18 yenye upana wa inchi 10, ET58, na tairi la 265. Carrera S ilipewa rimu ya inchi 19 yenye upana wa 11, ET67, tairi la 295. Carrera 4S ina rimu ya ukubwa uleule wa S, ila ET yake ni 51, tairi ni 305, na bodi imetanuliwa nyuma: milimita 1852 dhidi ya 1808 za wenzake.

Chukua nusu ya upana wa tairi, toa ET. Unachopata ni umbali wa ubavu wa nje wa tairi kutoka kwenye uso wa habu. Carrera inatoa 74.5, S inatoa 80.5, na 4S inaruka hadi 101.5. Hiyo ya mwisho inatisha mpaka ukumbuke kwamba madigadi ya 4S nayo yamesogea nje milimita 22 kila upande. Ukizitoa, inabaki 79.5. Yaani wahandisi walipanua bodi, wakabadilisha rimu na tairi, kisha wakalirudisha tairi karibu mahali palepale chini ya madigadi, kwa tofauti ya milimita 1. Ni kazi safi. Kwa hiyo mwenye S na mwenye 4S, kila mmoja akiwa na rimu zake za asili, wanaweza kufunga spesa zinazokaribiana, ilhali mwenye Carrera ya kawaida ana milimita 6 zaidi za kuchezea. Wengi hudhani kinyume chake, kwa kuwa S ni ghali zaidi na ina nguvu zaidi. Hata umbali kati ya magurudumu ya nyuma unaweza kuwapotosha: wa S ni 1516 na wa Carrera ni 1534, lakini tairi pana la S hula nafasi hiyo yote na zaidi.

Mambo huharibika rimu zinapohama gari. Rimu za S zikifungwa kwenye 4S huzama milimita 16 kila upande, na gari pana linaonekana kama limeazima miguu ya mwingine. Hapo spesa ya 15 au 17 ni tiba halali kabisa. Rimu za 4S zikifungwa kwenye S hutokeza kwa milimita zilezile 16, na hakuna spesa ya kuzirudisha ndani. Spesa husukuma nje tu.

Hesabu ya karatasi lazima ithibitishwe kwenye gari lenyewe, maana matairi ya namba moja hutofautiana kwa milimita kadhaa kati ya kiwanda na kiwanda. Njia rahisi ni timazi: uzi wenye nati ya uzito, ushikizwe ukingoni mwa madigadi juu ya katikati ya gurudumu, kisha rula ipime nafasi kati ya uzi na ubavu wa tairi. Ujerumani hawaachi hili kwa jicho la mwenye gari. Spesa huja na cheti, mkaguzi wa TÜV au wa shirika kama hilo huzitazama zikiwa zimefungwa, na kanuni za Ulaya zinataka tairi lifunikwe kuanzia nyuzi 30 mbele ya mstari wa wima wa gurudumu hadi nyuzi 50 nyuma yake.

Mbele, 997 hizi tatu zina rimu za upana wa inchi 8 na ET57, kwa hiyo kipimo ni kimoja. Busara ni kuwa mchoyo: milimita 5 zinatosha. Kila milimita ya mbele hurefusha wenzo unaovuta usukani barabara ikiwa mbovu, na hukamua beringi zaidi.

Bolti nazo lazima zirefuke kwa unene uleule wa spesa. Kwa M14 yenye hesi ya milimita 1.5, zihesabiwe kwa mkono: zamu 9 au 10 kabla ya kukaza, zisipungue. Bolti ikizidi urefu upande wa nyuma, ncha yake inaweza kufikia vyuma vya breki ya mkono.

Mwenye Subaru wa Nairobi au Kampala ana mtego mwingine. STI ya kuanzia modeli ya 2005 ina matundu 5 kwenye duara la 114.3, wakati WRX iliendelea na 100 hadi kizazi cha 2014. Isitoshe, habu za Subaru hizi zina stadi na nati, si bolti, kwa hiyo spesa nene huja na stadi zake zenyewe. Dukani, aulize kwanza duara la matundu, kisha kitovu cha 56.1, na unene uje mwisho.