Mwanya kati ya Fremu: Michezo ya Katuni na Ufundishaji wa Usimulizi

Anayefundisha usimulizi kwa Kiswahili amezoea zoezi moja: mwanafunzi hupewa sentensi zilizovurugwa, akaagizwa azipange ili ziwe na mtiririko wenye mantiki. Zoezi hili, ambalo limekuwa likitumika katika mitihani ya shule za msingi nchini Tanzania, lina jibu moja sahihi. Makala haya yanalilinganisha na michezo ya katuni iliyobuniwa Marekani na Ufaransa, ambayo nayo humtaka mwanafunzi apange vipande, ila haina jibu moja. Dai letu ni kwamba michezo hiyo hufichua kazi ambayo zoezi letu huificha, yaani kazi ya kujaza mwanya ulioko kati ya tukio na tukio.

Mchezo unaostahili kuangaliwa kwa karibu ni Five Card Nancy wa Scott McCloud, mwandishi wa Understanding Comics (1993). Fremu za katuni ya Nancy, iliyochorwa na Ernie Bushmiller, hukatwa kutoka hadithi mbalimbali na kugeuzwa karata. Kila mchezaji hupewa karata tano. Kwa zamu, kila mmoja huweka moja mezani ili kuendeleza hadithi, na wenzake huamua kuikubali au kuikataa. Fanani wetu huomba ridhaa ya hadhira mwanzoni tu, anapojibiwa “Hadithi njoo!”, hapa ridhaa huombwa kwa kila tukio.

Tuchukue fremu mbili: katika ya kwanza mtoto yuko juu ya mwembe, katika ya pili yuko chini, ameshika goti. Kiswahili hakiwezi kuzisimulia fremu hizi bila kuchagua. Tukisema “akaanguka”, “akaruka” au “akasukumwa”, tayari tumetoa hukumu, na kiambishi -ka- kimeshona matukio mawili hata mshono hauonekani. Picha haina -ka-. Ikiongezwa fremu ya tatu, ya kaka mkubwa akicheka tawini, hukumu ya awali hutikisika bila fremu zile mbili kuguswa. Katika sentensi zilizovurugwa, kinyume chake, -ka- na viunganishi kama “kisha” na “hatimaye” humwongoza mtahiniwa hadi kwenye jibu hata kama hakuielewa hadithi. Nimesahihisha kazi za namna hiyo kwa miaka mingi, na nakiri kwamba mara nyingi nilichopima ni uwezo wa kutambua viambishi.

Jambo la pili linahusu tanakali sauti. Kundi la OuBaPo, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1992 kwa kufuata mfano wa Oulipo, lina sharti la kurudia picha ileile huku maneno yakibadilika. Sharti hili likitumiwa kwa Kiswahili huleta tokeo la kuvutia. Mchoro mmoja wa mtu anayeanguka, pasipo ardhi yoyote chini yake, unakiliwa mara tatu. Kwenye nakala ya kwanza tunaandika “chubwi”, ya pili “tapwi”, ya tatu “tifu”. Mara moja msomaji anaona maji, matope na mchanga ambavyo hakuna aliyevichora. Tanakali zetu hazitaji sauti tu. Hutaja pia mahali. Mchoraji anayeandika “tapwi” juu ya matope aliyokwisha kuyachora amesema jambo lilelile mara mbili, kosa ambalo wanaoanza hulifanya sana, na ambalo zoezi hili hulionyesha bila mhadhara.

Hatuisifu kila michezo. 99 Ways to Tell a Story (2005) cha Matt Madden, kilichotokana na Exercices de style cha Raymond Queneau (1947), kinasimulia kwa namna 99 kisa cha mtu anayekwenda kwenye jokofu, akaulizwa saa, akasahau alichokuwa anatafuta. Ni hazina ya mbinu, na mabadiliko ya nafsi ya mtazamaji yanafundisha vema. Lakini kisa chenyewe hakimwumizi yeyote. Mwanafunzi anaweza kumaliza kurasa zote akiwa fundi wa mitindo asiyejua kwa nini hadithi fulani idai mtindo fulani. Karata za Nancy zina nafuu, kwa kuwa wenzake wasiposhawishika, karata hurudi mkononi.

Zoezi letu la sentensi halihitaji kufutwa. Livuliwe viambishi na viunganishi, vitenzi vibaki katika hali ya kitendo-jina: “mtoto kupanda mwembe”, “mtoto kuanguka”, “mama kuja mbio”. Mwanafunzi apange, anyambulishe, kisha ajitetee mbele ya wenzake. Atakayemleta mama kabla ya anguko atalazimika kueleza mtoto alikuwa anamkimbia nani.