Nguvu, Kani na Mwendo: Uhakiki wa Lugha ya Kufundishia Fizikia katika Shule za Sekondari za Handeni na Korogwe

Mjadala kuhusu ufundishaji wa kani na mwendo nchini Tanzania kwa kawaida huishia kwenye suala la Kiswahili au Kiingereza. Mwanafunzi wa Handeni au Korogwe aliyesoma shule ya msingi ya umma hujifunza sayansi kwa Kiswahili, kisha huingia Kidato cha Kwanza na kukutana na Fizikia kwa Kiingereza. Kikwazo hicho ni cha kweli na hakuna sababu ya kukipuuza. Hata hivyo, hoja ikikomea hapo, huchukuliwa kwamba dhana tayari imekamilika kwa Kiswahili na inasubiri tafsiri tu. Dhana hiyo haijakamilika.

Tatizo linaanzia kwenye neno nguvu. Mtu anayesukuma baiskeli yenye madumu ya maji huko Handeni ana nguvu. Trekta linalovuta tela la mkonge Korogwe lina nguvu. Dawa ina nguvu, na umeme wa Hale, kituo kilichoanza kuzalisha mwaka 1964, nao ni nguvu. Fizikia inatenganisha mambo hayo: kinachosukuma au kuvuta, nishati, na kazi inayofanyika kwa kipimo cha muda. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) inatumia istilahi kani kwa maana ya kwanza. Uteuzi huo ni mzuri, kwa kuwa neno ni la zamani na ni fupi. Lakini lilitatua suala la jina na kuacha suala la sarufi.

Kwa Kiswahili, nguvu humilikiwa: kitu kina nguvu. Mwalimu akibadilisha neno bila kubadilisha sentensi, mwanafunzi atasema kitu kina kani, naye atakuwa palepale. Baiskeli ikiachwa ijiendee kwenye barabara tambarare, husimama. Maelezo yaliyo tayari ulimini ni kwamba nguvu imeisha. Kwa mujibu wa Newton (1687), hakuna kilichoisha ndani ya baiskeli. Msuguano na hewa vimeipunguzia kasi. Haifai kukilaumu Kiswahili kwa kosa hilo. Halloun na Hestenes (1985) walilikuta kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, ambao Kiingereza ni lugha yao. Anayedai kwamba kubadili lugha ya kufundishia peke yake kutaliondoa hana budi kueleza jambo hilo.

Hata hivyo, Kiswahili kina nyenzo ambayo haitumiki ipasavyo darasani: kiambishi -an-. Sukumana, vutana, gongana. Kitenzi cha namna hiyo hudai pande mbili, na ndivyo kani ilivyo, kwani hakuna kani isiyokuwa na kitu kinachosukuma na kinachosukumwa. Kiambishi hicho kimo pia katika Kisambaa na Kizigua, lugha ambazo wengi wa wanafunzi hawa huzungumza nyumbani. Sheria ya tatu ya Newton ingeweza kuanzia hapo badala ya kukaririwa kwa Kiingereza. Nyenzo hii ina mpaka wake: gongana inasema pande zote mbili zimehusika, haisemi kwamba kani zake ni sawa. Lori na bodaboda vikigongana, mwanafunzi atashikilia kwamba lori limesukuma zaidi, kwa sababu anaona bodaboda ndiyo iliyorushwa. Kani ni sawa. Tungamo ndilo linalotofautiana, na kwa hiyo mchapuko. Sehemu hii haiwezi kuachiwa lugha. Inahitaji vipimo, hata kama ni mizani mbili za kuning'iniza zilizofungamanishwa na kuvutwa.

Neno mwendokasi nalo linabebeshwa spidi na velositi kwa pamoja, ingawa athari yake ni ndogo zaidi.

Maswali ya mtihani yanayodai sheria itajwe yanaweza kumpa alama mwanafunzi ambaye hajavuka hatua yoyote kati ya hizi. Wengi hawataendelea na Fizikia baada ya Kidato cha Nne. Baadhi yao wataendesha bodaboda kwenye mteremko wa kushuka kutoka Bungu au kwenye barabara kuu ya Segera, ambako kwa breki ileile na barabara ileile, umbali wa kusimama tangu breki ishikwe kwa kilomita 60 kwa saa ni takriban mara nne ya ule wa kilomita 30.